Oksijeni haiipokei elektroni ya pili kwa hiari

Mkuu, usiandike hivyo kwenye pepa! Unasema umeshakariri kwamba oksijeni inakuwa O²⁻ (ioni yenye chaji mbili hasi) kwa sababu "afiniti yake ya elektroni ni kubwa, kwa hiyo kila elektroni ikiingia nishati inatoka". (Afiniti ya elektroni ni nishati inayotoka au kuliwa atomi ya gesi ikipokea elektroni.) Sentensi hiyo hiyo ilinikosesha alama za swali zima kidato cha sita. Niliitoa kwenye notsi za tuisheni, na mzazi alizilipia! Mpaka leo nikimkumbuka aliyeziandika napandwa na hasira.

Elektroni ya kwanza, sawa. Atomi ya oksijeni ikiwa gesi inaipokea na kutoa kama kilojuli 141 kwa moli. Lakini ukishafika hapo huna atomi tena, una O⁻, tayari ina chaji hasi. Elektroni ya pili nayo ni hasi. Zinafukuzana! Kuiingiza kwa nguvu kunakula zaidi ya kilojuli 700 kwa moli. Jumlisha mwenyewe uone: hasara tupu. Ndiyo maana O²⁻ ikiwa peke yake kwenye gesi haidumu, inaitema elektroni.

Sasa mbona magnesiamu oksidi ipo? Kwa sababu Mg²⁺ na O²⁻ zikijipanga kwenye fuwele, yaani mpangilio imara wa ioni, zinatoa takriban kilojuli 3,800 kwa moli. Fuwele ndiyo inayolipa deni lote, pamoja na 738 na 1,451 za kung'oa elektroni mbili za magnesiamu. Notsi zile hazikuitaja fuwele hata mara moja.

Hata chumvi ya mezani ni hivyo hivyo. Klorini inaongoza elementi zote kwa afiniti, 349, ila kuing'oa elektroni ya sodiamu ni 496. Pengo la 147 linazibwa na 787 za fuwele. Afiniti peke yake isingetosha.

Kwa hiyo usiitaje afiniti kabla hujaandika mlinganyo: (g), alama ya gesi, pande zote mbili, elektroni moja tu, na namba yenye alama ya kutoa au kujumlisha. Ioni ina chaji mbili hasi? Milinganyo miwili, kila mmoja na namba yake.



Sasa andika hapa salfa, kutoka S hadi S²⁻, nikukagulie leo usiku.