Wimbo wa Kijapani wa karaoke: hesabu mizani kabla hujabonyeza

Mwaka wangu wa kwanza Nagoya, ofisi yetu ya kusafirisha magari ilifanya bonenkai, sherehe ya kuuaga mwaka. Chakula kilipokwisha tukahamia karaoke, kama ilivyo desturi huku: chumba kidogo, makochi yamezunguka meza, skrini kubwa ukutani, maikrofoni mbili. Tableti ya kuchagulia nyimbo iliponifikia sikufikiri mara mbili. Ulikuwa mwaka 2023, na "Idol" wa kundi la YOASOBI nilikuwa nikiusikiliza kila siku kwenye treni. Nikaubonyeza. Haikupita dakika, maneno ya skrini yalikuwa yameshanikimbia, na nikabaki nimeshika maikrofoni huku muziki ukienda zake. Wenzangu walipiga makofi mpaka mwisho. Niliumia sana usiku ule, kwa sababu mimi ni mtu wa kuimba tangu udogoni, kwenye maulidi na maharusi ya kwetu Mombasa, na nilijua kosa halikuwa la koo.

Kosa lilikuwa kuchagua. Wimbo mtamu masikioni si lazima uwe mwepesi mdomoni. Tangu hapo nimeimba karaoke mara nyingi, na kila anayekuja kusoma au kufanya kazi Japani akiniuliza aanze na wimbo gani, namwambia: hesabu mizani.

Mizani hizihizi za mashairi yetu. Sisi watu wa Kiswahili tumebahatika. Kijapani kina vokali tano, a, e, i, o, u, kama zetu, na maneno yake huishia kwa vokali au kwa n. Zaidi ya hapo, namna wanavyohesabu silabi inashabihiana na yetu. Neno "mtu" ni mizani mbili, m-tu. Hakuna malenga atakayekwambia ni moja. Basi Wajapani nao, jina la nchi yao "Nihon" wanalihesabu tatu: ni-ho-n. Ile n ya mwisho ina haki yake, na kwenye wimbo mara nyingi hupewa noti yake peke yake. Nimewasikia wageni wengi wakiimeza, halafu wanawahi mbele ya muziki. Mswahili aliyezoea "nchi" na "mbwa" haimezi.

Pa kuangalia ni vokali ndefu. "Yuki" ni theluji. "Yuuki" ni ujasiri. Maneno yote mawili yamejaa kwenye nyimbo zao, na ukikata u moja umebadilisha maana na umepunguza mizani, kwa hiyo mstari wote unateleza. Vuta panapovutwa.

Kwa hiyo fanya hivi nyumbani. Tafuta mstari wa kasi kuliko yote kwenye wimbo unaoutaka. Usome bila muziki, ukigonga meza kwa kidole, kila mizani gongo moja. Ukiweza kuusoma mara tatu mfululizo kwa kasi ya wimbo bila ulimi kukwama, wimbo ni wako. Ukikwama, uache kwanza. Na jifunze hiragana, herufi 46 za msingi, kwa sababu kwenye skrini kanji, zile herufi zenye asili ya Kichina, huwekewa hiragana ndogo juu yake. Ukizijua hizo, sehemu kubwa ya nyimbo inasomeka.

Wimbo wa kuanzia? Sina shaka hata kidogo: "Ue o muite arukou" wa Kyu Sakamoto, wa mwaka 1961. Jina lenyewe ni mizani kumi, na wimbo wote unakwenda mwendo wa mtu anayetembea taratibu. Pumzi inatosha kila mstari. Maana yake ni mtu anayetembea ameinua uso juu ili machozi yasidondoke, na aliyeyaandika maneno hayo, Rokusuke Ei, aliyatoa kwenye huzuni ya maandamano ya 1960 ya kupinga mkataba wa usalama kati ya Japani na Marekani. Mwaka 1963 wimbo huo ulishika namba moja Marekani kwa wiki tatu, huko wakiuita "Sukiyaki", jina la chakula cha nyama ambacho hakimo kabisa katika wimbo. Sakamoto alifariki katika ajali ya ndege ya Agosti 1985. Ukijua haya, unauimba kwa adabu yake.

Niliuimba kwenye bonenkai iliyofuata. Mkuu wa kitengo chetu, mzee aliyebakisha miaka michache astaafu, alikuwa kimya usiku mzima. Nilipofika mstari wa pili aliweka glasi mezani. Tulipofika pale pa kupiga mbinja, mimi sikuweza, midomo ilikuwa imekauka. Akaupokea yeye, akaupiga mluzi wote, macho yake kwenye dari. Kwa mwaka mzima tulikuwa tumesemezana habari za makontena tu. Kesho yake alinihadithia kwamba mama yake alikuwa akiuimba jikoni.

Ndiyo maana jambo la pili, baada ya mizani, ni kuangalia nani yumo chumbani. Wenye miaka arobaini na kitu, waimbie "Cherry" wa Spitz, wa 1996. Chumba kizima kitaitikia. Na uulizie maana ya wimbo kabla. "Lemon" wa Kenshi Yonezu, wa 2018, una mahadhi matamu na kila mtu anaujua, lakini ni wimbo wa kumlilia aliyeondoka duniani. Usiupeleke kwenye karaoke ya baada ya harusi.

Kuhusu koo, tumia kitufe cha kii. Kila ukibonyeza, wimbo unashuka au kupanda nusu toni, na hakuna anayekuhesabia aibu. Wajapani wenyewe hubonyeza kabla ya kuanza. Sauti yangu ni nene, nyimbo nyingi za wanawake nazishusha nne. Huo wa Spitz mwimbaji wake ni mwanamume mwenye sauti ya juu, na mimi nauimba bila kugusa kitu.

Halafu kuna enka, nyimbo zao za zamani za bahari, kileo na mapenzi yaliyovunjika. Vijana watakwambia ni za wazee. Mimi nakwambia, ikiwa umelelewa na taarabu, zijaribu. Ule mkunjo wa sauti wanaouita kobushi, kuitetemesha vokali moja ikapita noti tatu nne kabla haijatua, tumeusikia kwa bibi zetu. Hata tashkota ya taarabu ya Mombasa, ile ala yenye vitufe kama taipureta, asili yake ni taishogoto, iliyobuniwa hapahapa Nagoya mwaka 1912. Nilipoiona dukani kwa mara ya kwanza nilisimama nayo muda mrefu. Na usiambiwe enka ni ya Wajapani peke yao: Jero, Mmarekani mweusi wa Pittsburgh aliyefundishwa nyimbo hizi na bibi yake Mjapani, alitoa "Umiyuki" mwaka 2008 na mwaka huohuo akaimba kwenye Kohaku, tamasha la televisheni la kufunga mwaka.

Mazoezi fanya peke yako. Kuna neno lake kabisa, hitokara, karaoke ya mtu mmoja. Nenda mchana wa siku ya kazi, bei huwa chini, washa mahadhi ya kukuongoza, rudia wimbo mmoja mara kumi. Usiende na nyimbo ishirini. Tatu zilizokukaa zinatosha usiku mzima.

Ya tatu iwe ya kuchangamsha, na uiweke akiba. Yangu ni "Linda Linda" wa The Blue Hearts, wa 1987, unaoanza polepole kama sala kisha ukalipuka. Simu ya ukutani ikilia kuwaambia zimebaki dakika kumi, watu wakaanza kutafuta makoti yao, ndipo nauweka. Makoti hurudi kwenye kochi.