Tovuti ya nyumba ya wageni inazimika kila wiki: nihamie wapi?

SWALI: Kamwene mwanangu. Mimi ni mwalimu mstaafu, nina nyumba ya wageni yenye vyumba 12 hapa Gangilonga, Iringa. Wageni wangu wengi wanatoka Ujerumani na Italia, wanalala kwangu usiku mmoja au miwili kabla ya kwenda Ruaha. Kijana aliyenitengenezea tovuti miaka mitatu iliyopita amehamia Dodoma. Jina la tovuti linaishia na .co.tz. Siku hizi inazimika kila wiki: inaandika 508 na maneno ya Kiingereza, baada ya robo saa inarudi yenyewe. Tena baruapepe ninazowajibu wageni hawazioni. Nimeletewa bei tatu. Kampuni moja ya Dar inataka shilingi 60,000 kwa mwaka, wanasema nafasi haina kikomo. Nyingine ya hapa nchini inataka 220,000. Ya tatu iko Ulaya, dola 4 kwa mwezi. Na mjukuu wangu anasema ninunue seva yangu mwenyewe. Nichague ipi?

JIBU: Shikamoo mama. Ahsante kwa kuniandikia hiyo namba 508, imenisaidia kuliko ungesema tu kwamba tovuti inasumbua.

Bei nitazifikia. Lakini nilipomaliza kusoma barua yako, kilichonitia wasiwasi si bei wala 508. Ni huyo kijana aliyehamia Dodoma. Jina la tovuti yako limesajiliwa kwa nani? Vijana wengi wa kazi hii, tena wenye nia njema kabisa, humsajilia mteja jina kwa simu yao na baruapepe yao, kwa sababu siku hiyo mteja alikuwa na haraka au hakuwa na baruapepe. Basi kila mwaka ujumbe wa kukumbusha malipo unakwenda kwa kijana. Akibadili laini, jina linaisha muda wake na wewe hujui.

Jina la tovuti ni kama sanduku la posta. Unalilipia kila mwaka, usipolipa linafungwa, mwisho anapewa mtu mwingine, naye ndiye atakayepokea barua zinazoendelea kuja kwa anwani hiyo. Hosti, yaani kampuni inayokuwekea tovuti kwenye kompyuta yake iitwayo seva, ni fremu ya duka. Ukishindwana na mwenye fremu, unabeba bidhaa zako unahamia fremu nyingine, na wateja wanakufikia kwa anwani ileile. Nimewahamisha watu wengi hapa Mbeya kutoka kwenye fremu mbaya, kazi ya siku mbili. Kumrudishia mtu jina lililoandikwa kwa mwingine, hiyo nimewahi kuifanya kwa miezi.

Kuangalia hakukugharimu kitu. Majina ya .tz yako chini ya usimamizi wa TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, na yanauzwa kupitia wasajili walioidhinishwa. Kuna huduma ya bure iitwayo WHOIS: unaandika jina la tovuti, unaonyeshwa msajili ni nani, jina liliandikishwa lini na linaisha lini, na pengine mwenye nalo. Piga picha ya ukurasa huo uihifadhi. Usipoona jina lako au la biashara yako, mpigie kijana kwa upole, mwombe abadilishe taarifa za mwenye jina na baruapepe ya mawasiliano. Usitumie baruapepe inayoishia na jina hilohilo la tovuti, maana siku tovuti ikilala na hiyo inalala nayo. Tumia ya Gmail.

Sasa 508. Zamani wapangaji wote kwenye seva moja walikuwa kama nyumba yenye LUKU moja: mmoja akiwasha hita na pasi, yuniti zinaisha, wote mnaingia gizani. Siku hizi kampuni nyingi zimeweka swichi kwa kila chumba. Hiyo 508 ni swichi ya chumba chako imeanguka, majirani wanaendelea kuwaka. Seva inasema akaunti yako imemaliza mgawo wake wa nguvu kwa wakati huo. Ndiyo maana inarudi yenyewe baada ya dakika kadhaa.

Kwa hiyo ukihamia kampuni nyingine na vitu vilevile, utahama na tatizo lako. Tuangalie kwanza kinachovuta umeme. Nadhani yako imetengenezwa kwa WordPress, programu ya kutengenezea tovuti inayotumiwa na wengi. Tovuti ya namna hiyo ikiachwa miaka mitatu bila matunzo huwa na mambo mawili. Kwanza, programu ndogo zilizopachikwa ndani yake hazijasasishwa, na usiku kucha kuna maroboti ya mtandaoni yanagonga mlango wa kuingilia yakijaribu paswedi moja baada ya nyingine. Kila kugonga kunakula mgawo wako. Pili, hakuna kashe. Bila kashe, ukurasa unapikwa upya kila anapoufungua mtu. Wewe mwenye wageni utanielewa: kashe ni chupa ya chai. Unapika mara moja asubuhi, kila anayeamka unammiminia. Kuweka programu ya kashe, kusasisha kila kitu na kuzuia majaribio ya paswedi ni kazi ya nusu siku kwa fundi yeyote anayeijua WordPress, na mara nyingi 508 inaisha hapohapo bila kuhama.

Fundi huyohuyo akuangalizie picha. Picha moja ya chumba iliyotoka kwenye simu ina MB 4 au 5. Ukiweka kumi ukurasa wa mbele, mgeni anashusha MB 40 hadi 50 ili aone vitanda. Zikipunguzwa hadi upana wa pikseli 1600 hivi, kila moja inakuwa KB 200 au 300, na kwa macho huoni tofauti.

Bei zako tatu. "Nafasi bila kikomo" usiinunue kwa ajili ya maneno hayo. Tovuti yako yote, na picha zake, sidhani kama inafika GB 2. Kikomo kinachokuumiza si cha nafasi, ni kile cha nguvu, na hicho hawakuandika kwenye tangazo. Waulize kwa maandishi: akaunti moja inapewa kumbukumbu (RAM) kiasi gani, na inaruhusiwa kushughulikia maombi mangapi ya kufungua kurasa kwa pamoja? Na bei hiyo ni ya mwaka wa kwanza tu au hata wa pili? Bei za mwanzo mara nyingi ni za kuvutia wateja, za kuendelea ziko juu.

Kuhusu Ulaya au Dar, kwako jibu ni tofauti na la mwenye duka la pembejeo hapa Mwanjelwa. Yeye wateja wake wako Mbarali na Mbozi, seva ikikaa Dar inawafaa. Wako wanakutafuta wakiwa Ujerumani na Italia, miezi kadhaa kabla hawajapanda ndege. Ombi la kutoka huko hadi Dar na kurudi linachukua zaidi ya milisekunde 100, na ukurasa mmoja unatuma maombi mengi. Tena kumbuka Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu na intaneti ikazorota nchi nzima. Tovuti iliyokuwa Ulaya ilibaki wazi kwa aliyekuwa Ulaya. Mwenye nayo hapa ndiye aliyehangaika kuifungua. Kwa biashara yako, afadhali uhangaike wewe kuliko mgeni anayetafuta chumba.

Lakini kampuni ya Ulaya inakata pesa kwenye kadi, na mwezi ambao kadi haina kitu inafunga akaunti. Msaada mara nyingi ni kwa Kiingereza na kwa kuandika tu. Kama huna mtu wa karibu wa kukushika mkono, ningekushauri hiyo ya 220,000, kwa sharti moja: iwe na seva zake Ulaya au itumie huduma ya kusambaza nakala za kurasa kama Cloudflare, na ipokee simu. Ijaribu kabla ya kulipa. Piga Jumamosi jioni, uliza swali moja: "Bakapu, yaani nakala za akiba za tovuti, mnachukua kila baada ya siku ngapi, mnaziweka wapi, na kunirudishia ni bei gani?" Anayejibu bila kubabaika, huyo mfikirie.

Swali hilo la bakapu nalisisitiza kwa sababu limenipata. Nilikuwa natunza tovuti ya mkulima wa miche ya parachichi kule Rungwe. Asubuhi moja ya msimu, wateja wake wakiwa wanaagiza, tovuti haikufunguka. Kampuni tuliyokuwa nayo ilisema diski ya seva imekufa. Nikauliza bakapu. Wakasema ipo, kila usiku inachukuliwa. Iko wapi? Kwenye diski ileile. Nilikaa kimya kwenye simu, sikuwa na neno. Tulianza upya kwa nakala niliyoisahau kwenye flashi, ya miezi minane nyuma. Orodha ya aina za miche na maelezo yake aliyaandika tena yule mkulima kwa mkono wake, usiku baada ya kutoka shambani. Tangu siku hiyo, mteja wangu yeyote ana nakala yake mwenyewe nje ya kampuni. Kwenye cPanel, ule ukurasa wa kusimamia akaunti ambao kampuni nyingi za hosti hukupa, kuna sehemu ya kushusha nakala ya akaunti nzima. Inatoka faili moja. Ishushe mara moja kwa mwezi, kwa bando la usiku kama ndilo nafuu, uiweke kwenye flashi na nyingine kwenye Google Drive.

Baruapepe kutoonekana ni tatizo lingine kabisa, na huenda ndilo linalokugharimu zaidi. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wamekaza: anayetuma lazima athibitishe kwamba seva yake imeruhusiwa kutuma kwa jina hilo. Uthibitisho huo unaandikwa kwenye mipangilio ya jina la tovuti, unaitwa SPF na DKIM. Jipime leo. Kutoka anwani ya nyumba ya wageni, jitumie ujumbe kwenye Gmail yako. Ufungue kwa kompyuta, bonyeza vile vitone vitatu pembeni mwa ujumbe, chagua kuonyesha ujumbe wa asili. Juu kabisa utaona mistari ya SPF na DKIM. Ikiandika PASS kote, tuko sawa. Ikiandika FAIL, au mstari mmoja haupo kabisa, hapo ndipo barua zako zinapotelea kwenye spamu. Kurekebisha ni dakika kumi. Ila jirani mmoja kwenye seva ya bei ya chini akituma barua taka, anwani ya seva nzima inachafuka na wewe unachafuka naye. Kwa barua za kuwajibu wageni, ningezitenganisha na hosti, nikalipia huduma maalumu ya baruapepe kwa kisanduku kimoja au viwili.

Seva yako mwenyewe, hapana. Mjukuu ana nia njema, lakini seva inataka mtu wa kuilinda kila wiki, na biashara yako ni vyumba.

Jambo moja niliongeze kwa sababu una wageni wa kigeni. Kama fomu ya tovuti inawaomba wapakie picha ya pasipoti, iondoe leo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na inamtaka anayekusanya taarifa za watu ajisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na azilinde. Pasipoti iangalie mgeni akishafika mapokezi.

Ukiamua kuhama, hama wakati wa mvua, Machi au Aprili, wageni wa Ruaha wakiwa wachache, si Julai. Siku moja kabla, fundi ashushe muda uitwao TTL kwenye mipangilio ya jina hadi sekunde 300, ili mabadiliko yaenee kwa dakika badala ya siku. Barua za zamani zishushwe kwanza. Na fremu ya zamani usiirudishe mara moja, ilipie wiki mbili zaidi.

Lakini anza na WHOIS. Ukikuta tarehe ya kuisha iko ndani ya miezi miwili, usisubiri jina libadilishwe wala usisubiri jibu langu. Mtumie kijana pesa, alipie mwaka mzima leoleo, akutumie risiti; mambo ya nani mwenye jina myamalize baada ya hapo.