Wagonjwa watatu, nianze na yupi?

SWALI: Sista asalam aleikum, mimi niko mwaka wa 3 diploma ya unesi, naishi Kisauni. Kwa mtihani tukiulizwa mgonjwa yupi aonwe kwanza mimi kila jibu naliona sawa. Juzi wodini ikanikuta kweli: kijana wa bodaboda kavunjika paja anapiga mayowe, mzee wa mapafu ya sigara oksijeni yake ya damu asilimia 90, na mzee wa kisukari amelala tu kimya. Nikamkimbilia kijana, msimamizi akanigombeza mbele ya watu. Nilikosea wapi?

JIBU: Waaleikum salam mwanangu. Kugombezwa mbele ya wagonjwa haikufaa, pole. Lakini ungeanza na huyo aliyenyamaza.

Jiulize, asubuhi alikuwaje? Kama alikuwa akipiga soga na sasa hata jina lake analitafuta basi hapo pima sukari saa hiyo hiyo, usingoje raundi. Ikiwa chini ya 4 (mmol kwa lita) na anameza vizuri, mpe sukari kama gramu 15 kwenye maji, upime tena baada ya dakika 15. Kama hamezi usimtie kitu mdomoni, itaingia mapafuni, ita daktari apate glukosi ya mshipa. Na sukari ikiwa sawa pia usimuache, mzee anaweza kuwa na maambukizi makali bila homa yoyote, dalili ikawa ni kule kuchanganyikiwa tu, au ni kiharusi.

Mzee wa mapafu, 90 yaweza kuwa ndo kawaida yake, wengi wao twalenga 88 mpaka 92, kwa hivyo usifungue oksijeni yote ukadhani wamsaidia. Mhesabu pumzi, dakika nzima, sio kuandika 20 kwa kila mtu kama nionavyo kwenye chati nyingi.

Kijana naye maumivu yake ni ya kweli, apate dawa, ila anayepiga mayowe hewa inapita. Mguse vidole vya mguu, vikiwa baridi au havihisi, au yeye mwenyewe akaanza kuhema na kupotewa na akili, anapanda juu ya foleni.

Mimi nilifunzwa na mama mmoja aliyejifungua usiku, presha 110 kwa 70 nikaona yuko salama. Mapigo yalikuwa 124 nikasema ni uchovu. Akawa apiga miayo, aomba maji, nikamshika mkono, baridi na jasho, kufunua leso chini kumelowa damu tupu na kizazi kilaini kama unga wa chapati. Nikakanda huku naita wenzangu, akapata oksitosini, dawa ya kukaza kizazi, akapona alhamdulillahi. Presha ya mtu kijana hushikilia mpaka mwisho kwa vile mishipa inajibana, mapigo ndo hutangulia kukwambia.

Na huyo mzee wako, sukari ilikuwa ngapi? Niandikie.