Dinosaria wa Tendaguru kubadilishwa jina sio ushahidi wa uongo

Kaka unasema kwa vile yule dinosaria wetu wa Tendaguru, huku Lindi, walimwita Brachiosaurus halafu baadae wakageuka wakamwita Giraffatitan basi wanasayansi wanabuni tu, hapana, hapo umeelewa kinyume. Mifupa ilichimbwa 1909 hadi 1913, mwanasayansi Mjerumani Janensch akaona inafanana na ya Brachiosaurus wa Marekani aliyeelezewa 1903 akaiweka kundi moja, miaka ikapita weee, kuna mtafiti wa dinosaria, Mike Taylor, akakaa akalinganisha mfupa kwa mfupa, mwaka 2009 akatoa tofauti 26 kati ya wetu na yule wa Marekani na zote kaziandika wazi, na mifupa yake ipo makumbusho ya Berlin, Ujerumani, imesimamishwa kimo cha zaidi ya mita 13, mwenye shaka anaenda anapima. Sasa muongo gani anakuonyesha pa kumkamatia?

Ila hasira yako naielewa kabisa, maana waliochimba na kubeba kichwani mpaka bandarini Lindi ni wazee wa huku huku, msimamizi wao alikuwa Boheti bin Amrani, lakini ukisikia inavyosimuliwa mara nyingi ni Wajerumani tu, sisi tumebaki na mashimo. Hiyo ni dhuluma na isemwe kwa sauti. Lakini mifupa kuchukuliwa ni jambo moja, utafiti wenyewe kuwa wa kweli ni jambo lingine, usiwaambie vijana wa Lindi kwamba jiolojia ni hadithi za wazungu. Mi nataka waisome, waende Tendaguru na nyundo zao, wakitaka kumpinga huyo Taylor wampinge kwa vipimo.