Mwani tunaulima sie, basi tuanze na kuupika

Kama ushawahi kula faluda kwenye futari basi mwani umeshaula siku nyingi, ile agaraga tunayonunua kwenye vipakiti, wengine wanaiita chaina grasi, inatokana na mwani mwekundu unaochemshwa ukatolewa ute wake ukakaushwa. Ndo maana faluda ya agaraga haiyayuki mezani hata joto liwe kali vipi, na ndo maana wengi wetu tunaipenda kuliko jelatini ambayo inatokana na ngozi na mifupa ya wanyama na hujui mnyama gani. Naanzia hapa kwa sababu kila nikimwambia mtu napika mwani anakunja uso, anasema yale si majani ya baharini yale, yanaliwa kweli?

Mie mtu wa Jambiani, Unguja, mama yangu analima mwani tangu sijaanza skuli. Mbegu zililetwa kutoka Ufilipino, kilimo chenyewe kikaanza 1989 hapa kwetu na Paje, na mpaka leo maji ya bamvua yakitoka utawaona kina mama wanateremka na kamba na vigingi vyao, wanafunga mbegu moja moja, baada ya kama wiki sita wanavuna, wanaanika, wanauza kwa kilo kwa bei ambayo kwa kweli inauma ukiangalia mgongo unavyovunjika. Mwani unapanda meli unaenda kutolewa karajinani, ile inayofanya aiskrimu na dawa ya meno iwe nzito, ukiona E407 nyuma ya pakiti ndo hiyo. Na miaka yote hiyo sufuria ya nyumbani kwetu haijawahi kuuona mwani.

Aliyenifumbua macho ni mpishi wa Kifilipino niliyefanya naye kazi jikoni hotelini. Siku moja alirudi pwani na kikapu cha mwani mbichi, spinosamu, aina ileile wanayolima kina mama, akaosha, akauchovya kwenye maji yanayochemka sekunde chache tu, akautia maji ya barafu, akakata, akachanganya na siki, kitunguu, tangawizi, tomato na pilipili. Kwao wanaita guso. Nilipoonja nikasema jamani hii si kachumbari hii! Inalia kama tango changa. Sikuhizi naweka ndimu badala ya siki, naila na samaki wa kuchoma, na ushauri wangu mkubwa ni mmoja, usiuache kwenye maji ya moto, ukizidisha dakika unaanza kutoa ute na ule mkatiko wote umekwenda. Na chumvi usitie mpaka umeonja.

Mwani mkavu ni habari nyingine. Mara ya kwanza nilichukua ule wa kuuza, nikasuuza mara moja nikautia kwenye sufuria, ukawa mchanga na chumvi tupu, nikamwaga wote. Sasa nauosha maji matatu manne, nauloweka usiku kucha na ndimu nikibadilisha maji, asubuhi umefura umekuwa mweupe na harufu ya pwani imepungua sana. Kiganja kimoja kwa nusu lita ya maziwa, moto mdogo kama dakika ishirini huku unakoroga, unachuja, unatia sukari na iliki, unaacha ugande. Haugandi mgumu wa kukatika kama agaraga, unakuwa laini wa kula kwa kijiko. Hii nimeiga kwa Waairishi, wao wana mwani wao wa kwenye miamba wanaupika na maziwa hivohivo tangu zamani, mie nimebadilisha mwani na viungo tu. Mama alionja akanyamaza kidogo, alafu akasema iliki haijatosha. Nikaongeza.

Haya, na wa madukani. Nori ndo ile karatasi nyeusi ya kuviringishia sushi, ule wali wa Kijapani, ipitishe juu ya moto haraka irudi kukatika, na ihifadhi kwenye kopo linalofunga vizuri maana unyevu wa pwani yetu unailainisha siku moja. Huko Wales wanakula ndugu yake huyo huyo, wanauchemsha masaa mengi mpaka uwe kama kisamvu kilichopondwa, wanakula asubuhi. Na hapa kuna kisa nakipenda sana. Wajapani walikuwa wanalima nori bila kujua mbegu zake zinakaa wapi, msimu mwingine zinakuja msimu mwingine hazionekani, mpaka 1949 mwanasayansi wa Kiingereza, Kathleen Drew-Baker, akiuchunguza ule mwani wa Wales akagundua kwamba katika hatua moja ya maisha yake unajificha ndani ya magamba ya chaza. Kuanzia hapo ikawezekana kuotesha mbegu. Wajapani wamemjengea mnara mji wa Uto na kila tarehe 14 Aprili wanamkumbuka. Nilipomhadithia mama, ambaye kila mwaka maji yakipata joto anapoteza mbegu za kotonii, aina nyingine ya mwani tunayolima, aliniuliza sasa na sie nani atatuchunguzia.

Kombu ni ile mipana minene, ya kutengenezea supu. Shoga yangu aliniletea pakiti kutoka Dubai nikaichemsha kama ninavyochemsha mifupa, ikatoka utelezi na uchungu. Kumbe unaloweka kipande cha urefu wa kiganja kwenye lita ya maji nusu saa, unapasha polepole, na kabla hayajachemka unakitoa. Supu ya samaki niliyopikia maji hayo haikuhitaji kidonge cha mchuzi kabisa, ule utamu ndo mwanasayansi wa Kijapani, Ikeda Kikunae, aliutambua kwenye kombu 1908 akauita umami. Wakame ni mwepesi zaidi, wa supu. Wakorea wanampikia mama aliyejifungua supu ya mwani wa aina hiyo, kama sie tunavyompa uji wa pilipili manga, na kila siku ya kuzaliwa mtu anainywa tena.

Ila chukua tahadhari jamani. Mwani una madini joto mengi, kombu hasa, gramu moja tu inaweza kupita mara kadhaa kile mtu mzima anachohitaji kwa siku, kwahiyo mwenye matatizo ya tezi la shingo au mjamzito aongee na daktari kwanza, na mtoto mdogo usimpe kila siku. Usiokote mwani ulioletwa na mawimbi wala wa karibu na bomba la maji machafu, nunua kwa mkulima aliyeutoa kwenye kamba. Na ukikuta hijiki dukani, ule mweusi wa vijiti vijiti, uache, una aseniki nyingi, ambayo ni sumu, na Uingereza wameshawashauri watu wao wasiule.