Mgongo: kujitunza, hospitali au sindano?
Dada, umeuliza kama maumivu ya mgongo ya wiki 2 uyauguze mwenyewe nyumbani, umwone daktari au uanze tiba ya sindano za Kichina (akupancha), zile nyembamba zinazochomwa kwenye ngozi bila dawa. Kwanza angalia dalili. Ukihisi ganzi katikati ya mapaja au sehemu za siri, mkojo ukigoma kutoka au ukatoka wenyewe, au miguu ikilegea, usingoje kesho. Nenda hospitali sasa hivi, tafadhali! Huenda neva za chini ya uti wa mgongo zimebanwa, na zikicheleweshwa zinaweza zisipone tena. Homa, au kukonda bila sababu, navyo ni vya daktari.

Kama huna hayo, mgongo mwingi hupoa wenyewe ndani ya wiki chache. Usilale kutwa, tembea taratibu, hata kuzunguka chumba tu, na ujikande kwa maji ya moto. Masaji au sindano ongezea ukipenda, wapo wanaopata nafuu. Ila mitishamba mtajie daktari yote, usifiche hata mmoja. Hypericum, mmea unaotumiwa kupunguza huzuni, hudhoofisha vidonge vya uzazi wa mpango na hata warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Wiki 6 zikipita bila nafuu, nenda ukapimwe.