Kabla ya Kugawana Shamba Mlilorithi, Someni Hatimiliki

Baada ya mirathi ya baba kukamilika, mimi na ndugu zangu watatu tulisajiliwa kuwa wamiliki wa shamba lenye minazi na kisima kimoja, nje kidogo ya mji wa Kilifi. Tulivuna pamoja kwa miaka sita bila neno, mpaka kaka yetu mkubwa alipotaka kumuuzia mtu wa nje fungu lake, akiamini kwamba hahitaji kumuuliza yeyote.

Ndipo tulipoisoma hatimiliki kwa makini. Ilitutaja kuwa wamiliki wenye hisa sawa. Yaani kila mmoja ana sehemu yake, ingawa haijakatwa ardhini, na akifa huwaendea warithi wake. Umiliki wa aina ya pili, ambao fungu la marehemu hubaki kwa wamiliki walio hai, huanzishwa na wanandoa tu chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012, isipokuwa mahakama iwe imeruhusu vinginevyo. Sheria hiyo pia inamtaka mwenye hisa apate ridhaa ya wenzake kwa maandishi kabla ya kumhamishia mtu wa nje, nao hawaruhusiwi kumnyima bila sababu ya haki. Kwa hiyo hatukumzuia kaka. Tulimwita mthamini, tukamlipa fungu lake kwa awamu tatu.

Panapokosekana maelewano na ardhi yenyewe haigawiki, kama vile kiwanja chenye nyumba moja, mmoja wenu anaweza kuiomba mahakama iamuru iuzwe, na mmiliki mwenza ana haki ya kuinunua. Mkikubaliana, ombi la kugawa hupelekwa kwa msajili wa ardhi, na shamba la kilimo huhitaji kwanza kibali cha bodi ya udhibiti wa ardhi.

Sisi watatu tuliobaki tulikubaliana upesi kuhusu ukubwa, tukakwama kisimani. Mpima ardhi alipochomeka vigingi, kisima kiliangukia kwa dada yetu mdogo, na fungu la nyuma, ambalo ni langu, likakosa njia ya kutokea barabarani. Tulimsihi achore upya, akaacha njia ya mita sita kando ya safu ya minazi, na haki ya kupita na ya kuteka maji ikasajiliwa rasmi. Nawasihi msiliruke jambo hili hata kama mnapendana namna gani, kwa sababu dada yangu akiuza kesho, mnunuzi hatafungwa na ahadi tuliyopeana kwa mdomo pale kisimani.